Hapana Niliyomjibu Karani wa Sensa

Naandika kwa ajili ya mzazi ambaye leo ana mtoto chumba cha ndani, na mgeni akibisha hodi anasema mtoto amelala. Nilikuwa mzazi wa namna hiyo. Ni mwalimu wa shule ya msingi, naishi kata ya Endagikot katika Halmashauri ya Mji wa Mbulu, na mtoto wetu wa pili ana usonji. Kwa miaka mingi nilimficha. Nilidhani namlinda yeye, kumbe nalinda jina langu. Nitaeleza jinsi nilivyotoka huko, na jinsi nilivyofika kwenye jambo ambalo wengi hawalitegemei katika ushuhuda, yaani kodi. Kwangu mambo haya mawili hayaachani.

Mwanangu alizaliwa mwaka 2014, msimu wa baridi, wakati ukungu wa huku kwetu unakaa mpaka saa nne asubuhi. Alikuwa mtoto mwenye afya, ananyonya vizuri, akatembea kwa wakati wake. Alianza kusema "mama" na "maji" na maneno mengine machache, kisha, kabla hajatimiza miaka miwili, maneno yale yakapotea moja baada ya jingine. Ukimwita jina hageuki, lakini sufuria zikigongana jikoni anaziba masikio na kulia mpaka anatapika. Alipenda kupanga vitu: vifuniko vya chupa, viberiti, punje za mahindi. Mtu akiuvuruga mstari wake, nyumba nzima haikulala.

Mimi ndiye niliyepaswa kuelewa kwanza, maana kazi yangu ni watoto. Sikuelewa. Nilisema anadeka, nikamchapa, kwa kuwa shuleni nilizoea kuamini kwamba mtoto mkaidi hunyooshwa kwa fimbo. Alichojifunza ni kuniogopa. Nikiingia ndani alikwenda kukaa nyuma ya magunia ya mahindi. Nikamgeukia mke wangu. Nilimuuliza kwao kuna nini, nani kwao aliwahi kuzaa mtoto wa hivi. Mama yangu mzazi akasema ni laana, twende kwa mganga. Tulikwenda. Mbuzi waliuzwa, tukarudi na hirizi pamoja na deni. Katika kipindi chote hicho mke wangu hakunijibu neno baya, na nikiukumbuka ukimya wake naona aibu kuliko kama angenitukana.

Yeye alikuwa fundi cherehani. Alikaa kwenye kibaraza cha duka mjini Mbulu akishona sare za shule, na Januari, wazazi wanapohangaikia sare, kipato chake kiliushinda mshahara wangu. Mtoto alipokua, akawa na nguvu za kukimbia na kuruka ua, hakuna dada wa kazi aliyeweza kukaa naye. Cherehani ikarudi nyumbani, ikafunikwa kitenge. Nyumba iliyokuwa na vipato viwili ikabaki na kimoja. Wakati ule sikuliona hilo kama gharama. Niliona ni kawaida tu, mama kukaa na mtoto.

Walimu wenzangu wakiniuliza nina watoto wangapi nilijibu wawili, na tayari tulikuwa na watatu. Zamu ya jumuiya kusali kwetu ilipofika, mke wangu alimbeba mtoto akampeleka kwa jirani.

Jirani huyo ni mama mjane ambaye mtaani sote tunamwita Ama. Hakusoma shule. Analima vitunguu saumu, zao ambalo Mbulu tunajulikana nalo, na baada ya mavuno hukaa kivulini mwa nyumba yake siku nzima akivichambua. Alimkalisha mtoto wetu kwenye gunia pembeni yake. Hakumlazimisha amtazame wala aitikie salamu. Aliongea naye Kiiraqw polepole, maneno yaleyale kwa mpangilio uleule: sasa tunakaa, sasa tunachambua, sasa tunakunywa maji. Mtoto akaanza kuvipanga vitunguu kwa ukubwa, vidogo huku, vikubwa kule. Ama aliuacha mstari wake. Ulipofika mwisho ndipo alipoukusanya na kuutia gunia, na mtoto hakulia, kwa sababu alikwisha kujua kwamba mstari ukiisha hukusanywa na kesho unaanza mwingine. Miaka kadhaa baadaye mwalimu mwenzangu aliyesomea elimu maalumu katika Chuo cha Ualimu Patandi, kule Arusha, alinieleza kwamba mambo hayo, ratiba isiyobadilika na maneno machache yanayorudiwa, ndiyo wanayofundishwa darasani. Ama aliyapata kwa kumtazama mtoto. Mimi niliyeishi naye nyumba moja nilikuwa sijamtazama.

Hakuwahi kudai kitu. Nami sikuwahi kumuuliza kama anahitaji kitu. Nilichukulia kwamba bibi wa jirani hana kazi nyingi.

Ikaja sensa. Usiku wa kuhesabiwa ulikuwa wa kuamkia tarehe 23 Agosti 2022, na katika siku zilizofuata makarani walipita nyumba kwa nyumba na vishikwambi vyao. Kwetu alifika jioni kijana mpole, nikamkaribisha kiti. Yalipofika maswali ya ulemavu aliyasoma moja moja. Kuna mtu hapa mwenye shida ya kuona? Ya kusikia? Ya kutembea? Ya kukumbuka au kuzingatia jambo? Ya kujihudumia, kama kuoga au kuvaa? Ya kuwasiliana na kuelewana na wengine? Nilijibu hapana, hapana, mpaka mwisho. Mwanangu alikuwa chumba cha pili, na ukuta wetu si mnene. Karani akanitazama kidogo, akaandika alichoambiwa, akashukuru, akaondoka.

Asubuhi yake Ama alinisimamisha njiani nikienda kazini. Karani alikuwa amepita kwake mchana uliotangulia akamkuta na mtoto. Ama alimwambia, "Huyu ni wa mwalimu, kamuulize baba yake, atakueleza vizuri."

"Ulimweleza?" akaniuliza.

Nilinyamaza.

"Mwalimu," akasema, "kila asubuhi unaita majina ya watoto wa watu. Wa kwako ukiulizwa, unasema hapana?"

Hakupandisha sauti. Alichukua jembe lake akaenda shambani. Nilifika shuleni, nikafungua rejesta ya mahudhurio, nikashindwa kuita majina; nilimwomba kiranja aite. Jina la mwanangu lilikuwa limeingia katika hesabu ya taifa, ndiyo, lakini hali yake sikuiingiza. Serikali ilipouliza ana shida gani ili ijue impangie nini, baba yake alisema hana.

Siku hiyohiyo nilipita ofisi ya mtendaji, nikaeleza. Mtendaji alinielekeza kwa afisa ustawi wa jamii. Nilitegemea kukemewa kwa kuchelewa miaka yote hiyo, sikukemewa. Niliambiwa kuwa ipo Sheria ya Watu wenye Ulemavu, Namba 9 ya mwaka 2010, ambayo haimtazami tu mtu asiyeona au asiyetembea, bali yeyote ambaye nafasi yake ya kushiriki maisha ya kawaida imepungua kwa sababu za kimwili, kiakili au kijamii, na kwamba sheria hiyo inataka kuwe na kamati za watu wenye ulemavu hadi ngazi ya kijiji na mtaa. Nimefundisha uraia kwa miaka mingi. Sheria hiyo sikuwa nimeifungua.

Kisha tulisafiri kwenda hospitali mjini Moshi, mimi, mke wangu na mtoto, kwa basi la alfajiri linalopita Karatu. Tulimvika kofia ya sufu hadi masikioni ili kelele za injini zisimtese. Huko ndiko tulikosikia kwa mara ya kwanza daktari akilitamka neno usonji juu ya mtoto wetu. Alisema hautokani na laana, hautokani na malezi wala chanjo. Hakuna dawa ya kuuondoa, ila mtoto anaweza kufundishwa mengi akifundishwa kwa njia yake. Akatuonya tuangalie dalili za kifafa, kwa kuwa watoto wenye usonji hukipata zaidi ya wengine. Mke wangu aliuliza swali moja tu: "Kwa hiyo si mimi?" Daktari akamwambia, "Si wewe, mama." Tulipotoka nje alinigeukia akasema, "Si mimi." Nilimwomba msamaha palepale, watu wakipita. Alinisamehe. Msamaha ule sikuustahili, na sijapata kuulipa.

Sasa nije kwenye kodi.

Afisa ustawi alitushauri tuandike kwenye daftari kila tunachotumia kwa ajili ya mtoto. Mke wangu ndiye aliyeandika. Nauli za kliniki. Chakula na malazi tukiwa safarini. Nepi za mtoto mkubwa, ambazo ni ghali kuliko za mtoto mchanga. Nguo, kwa sababu huzitafuna kola. Kioo cha dirisha. Kijana wa kukaa naye mke wangu anapokwenda sokoni. Na mwisho, kwa kalamu nyekundu, akaandika: "Cherehani." Hakuweka kiasi. Nilipoliona neno lile nilielewa kwamba gharama kubwa kuliko zote ilikuwa haijawahi kuonekana kwenye risiti yoyote.

Usiku mmoja nikachukua hati yangu ya mshahara nikailaza kando ya daftari. Nieleze kwa mfano, maana watu wengi wanakatwa kodi ya mshahara bila kujua inavyohesabiwa. Chukua mtumishi wa mshahara wa shilingi 800,000 kwa mwezi. Kwanza hutolewa mchango wake wa pensheni kwa mfuko wa PSSSF, asilimia 5, yaani 40,000, na hizo hazitozwi kodi. Zinabaki 760,000. Shilingi 270,000 za mwanzo hazitozwi. Kutoka hapo hadi 520,000 hutozwa asilimia 8, na kutoka 520,000 hadi 760,000 asilimia 20. Jumla ya kodi ni shilingi 68,000 kwa mwezi, 816,000 kwa mwaka. Baada ya hapo kuna bima ya afya, kuna chama cha wafanyakazi, na kwa aliyekopeshwa chuo kikuu kuna Bodi ya Mikopo.

Sinung'uniki kulipa kodi. Mshahara wangu wenyewe unatokana na kodi, na elimu bila ada iliyoanza mwaka 2016 imeleta darasani watoto ambao wasingefika. Nilichokiona usiku ule ni kitu kingine. Mimi na mwenzangu ninayekaa naye meza moja ofisini, kijana asiye na mke wala mtoto, mwenye mshahara sawa na wangu, tunakatwa sawasawa. Sheria yetu ya Kodi ya Mapato, Sura ya 332, kwa kawaida humtoza mtu mmoja mmoja kwa kipato chake, na haina nafuu kwa anayelea mtoto mwenye ulemavu. Lakini sheria hiyohiyo inakubali kwamba fedha ambayo haikufika mkononi mwangu isitozwe. Ndiyo maana huutoa mchango wa pensheni kwanza. Nauli ya kliniki nayo haikai mkononi mwangu. Kipato cha cherehani kilipokatika, hakuna mahali palipopunguzwa kitu.

Zipo nafuu kadhaa, nami nilizitafuta kwa matumaini makubwa. Sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inasamehe ushuru wa vifaa vilivyotengenezwa mahususi kwa watu wenye ulemavu, hata gari moja. Ni jambo jema kwa anayelihitaji. Mwanangu hahitaji gari, wala hakuna kifaa kinachoagizwa kwa meli kinachoitwa kifaa cha usonji. Anachohitaji ni mtu wa kukaa naye na mtu wa kumfundisha, na huyo haingii bandarini. Kenya walikwenda mbali zaidi: kwa agizo la mwaka 2010, mtu mwenye ulemavu aliyesajiliwa alisamehewa kodi kwenye shilingi 150,000 za Kenya za mwanzo za kipato chake cha mwezi, na zaidi ya hapo aliruhusiwa kutoa hadi 50,000 za matunzo yake. Nilifurahi niliposoma, kisha nikaona kwamba nafuu ile ilifuata kipato cha mwenye ulemavu mwenyewe. Mtoto hana kipato.

Nilichokuwa nakitafuta nilikikuta mbali. Afrika Kusini, mzazi wa mtoto mwenye ulemavu hujaza fomu inayosainiwa na daktari, na sehemu ya gharama za matibabu na matunzo hupunguzwa kwenye kodi yake. India, kifungu kilichojulikana kama 80DD kilimruhusu anayelea ndugu mwenye ulemavu kuondoa rupia 75,000 kwa mwaka kwenye kipato kinachotozwa kodi, au 125,000 ulemavu ukiwa mkubwa, na usonji ulikuwa miongoni mwa hali zilizotambuliwa. Kiasi hicho hakikutegemea mzazi kuleta rundo la risiti. Nadhani wao walielewa alichokiandika mke wangu kwa kalamu nyekundu.

Mwaka 2024 Rais Samia Suluhu Hassan aliunda Tume ya Rais ya Maboresho ya Kodi chini ya Balozi Ombeni Sefue, na wananchi wakatakiwa watoe maoni. Mimi na wazazi wachache tuliokuwa tumeanza kukutana tukasema tuandike. Niliandaa rasimu nzuri ya kiualimu, yenye mahesabu ya mshahara na mfano wa India. Tulikutana kwa Ama, kwa kuwa kwake ndiko watoto wetu wanakotulia. Nikaisoma kwa sauti. Alinisikiliza mpaka mwisho akiwa anachambua vitunguu, ndipo akauliza, "Na mimi nisiye na mshahara, mtanipunguzia wapi?"

Katika wazazi waliokuwa pale, mwenye hati ya mshahara nilikuwa peke yangu. Wengine ni wakulima, mmoja anauza maziwa, mmoja anaendesha bodaboda. Rasimu yangu ilikuwa inaomba nafuu ya mtu mmoja kwa jina la watu wote. Kwa mara ya pili Ama alikuwa amenionyesha mtu ambaye sikumwandika.

Na si kweli kwamba wao hawalipi kodi. Ama akinunua mche wa sabuni dukani, bei yake imekwisha kubeba kodi ya ongezeko la thamani (VAT), asilimia 18. Binti yake aliyeko Arusha akimtumia fedha kwa simu kuna makato, na tunakumbuka tozo ya miamala ya Julai 2021 ilivyowakata hata waliotumiwa hela ya dawa. Vitunguu saumu vyake vikinunuliwa, mnunuzi analipa ushuru wa mazao kwa halmashauri, kisha anaurudisha kwa mkulima kwa kushusha bei. Ushuru huo ulipunguzwa mwaka 2017, kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa ya chakula, nao ni unafuu wa kweli. Lakini mama huyu aliyenilelea mwanangu bure amekuwa akilipa kodi siku zote bila karatasi yoyote ya kuonyesha.

Mmoja wetu akapendekeza tuombe nepi na mahitaji ya watoto hawa yaondolewe VAT. Wazo lilitupendeza wote hadi tulipokumbuka taulo za kike. Ziliondolewa kodi hiyo mwaka 2018, na mwaka uliofuata msamaha ukafutwa, Serikali ikieleza kwamba bei madukani haikushuka na aliyenufaika hakuwa msichana aliyekusudiwa. Tukasema hapana, nafuu iende kwa mlezi mwenyewe, isipite kwa mfanyabiashara.

Tuliandika upya, mara hii kila mtu akisema chake nami nikiwa karani. Tuliomba mzazi mwenye mshahara anayelea mtoto mwenye usonji, au ulemavu mwingine unaohitaji uangalizi wa kudumu, apunguziwe kipato kinachotozwa kodi kwa kiasi kimoja kinachojulikana, akithibitisha kwa cheti cha daktari na barua ya ustawi wa jamii. Tuliomba kaya isiyo na mshahara ipate thamani ileile kwa mkono, kwa njia ambazo tayari zilikuwapo, kama zile za Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, TASAF. Na tukataja asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo halmashauri hutenga kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Fungu hilo linatokana kwa sehemu na ushuru wa mazao kama ya Ama. Tuliomba pale ambapo mwenye ulemavu ni mtoto asiyeweza kuendesha biashara, mlezi wake atambuliwe kwa nafasi yake. Mke wangu alisema sentensi ya mwisho ya barua, kwamba hatuombi kusamehewa kodi kwa sababu ya huzuni, tunaomba kodi ihesabu kilichobaki baada ya mtoto kutunzwa.

Kilichotusumbua kuliko barua ni majina. Tume au wizara ikiuliza, Mbulu mna watoto wangapi wa namna hii, tungejibu nini? Tukaanza kupita majumbani. Nilidhani nitakutana na aibu peke yake, kwa kuwa ndiyo niliyoijua. Nilikutana na hofu nyingine. Mzee mmoja mwenye mjukuu wa usonji alikataa kabisa jina la mtoto liandikwe. Alikumbuka kodi ya kichwa, ambayo baadaye ilirudi kwa jina la kodi ya maendeleo na ikafutwa mwaka 2003. Alikumbuka vijana walivyokimbilia porini watendaji walipokuja na daftari. Kwake, jina kuandikwa ofisini lilikuwa mwanzo wa kudaiwa. Sikumlaumu. Nilimwambia habari yangu na karani wa sensa, yote, hata ukuta usio mnene. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akamwita mjukuu wake atoke nje tumsalimie. Kabla hatujaondoka alituombea baraka kwa slufay, sala ya Wairaqw, nasi tukaitikia kwa pamoja, na mtoto alisimama katikati yetu akipeperusha mikono.

Mwanangu bado hasemi. Nisimfiche msomaji hilo. Ana kadi za picha, na akitaka maji huleta picha ya maji. Hulala usiku zaidi kuliko zamani. Nikiingia ndani hakimbilii tena nyuma ya magunia. Mara nyingine hunishika mkono akauweka kichwani pake, naye akabaki hivyo akitazama kando. Zipo siku mbaya, za kujing'ata na kupiga kelele tangu asubuhi, na siku hizo naomba nguvu kama mtu asiyewahi kuomba. Cherehani imefunuliwa. Mke wangu hushona saa ambazo mtoto yuko kwa Ama, na sasa Ama hulipwa. Hakutaka; mke wangu alimwambia kwamba ni mshahara, si zawadi, akakubali.

Nikijiuliza kwa nini nilipewa jirani yule, mke yule na afisa asiyenikemea, sipati sababu ndani yangu. Namshukuru Mungu, na nawashukuru wao.

Barua yetu ilikwenda. Hadi ninapoandika, mshahara wangu unakatwa kodi kama zamani, na Ama ananunua sabuni kwa bei ileile. Tutaandika tena kila msimu wa bajeti, na ningependa barua ijayo iwe na majina mengi zaidi kuliko ya kwanza. Kwa hiyo, ndugu yangu uliyemwambia mgeni kwamba mtoto amelala: wiki hii nenda ofisi ya mtendaji wa kijiji au mtaa wako, uchukue cheti chake cha kuzaliwa kama unacho, useme jina lake na hali yake, uombe kuonana na afisa ustawi wa jamii. Usisubiri kuwa na maneno mazuri. Na kama hapo jirani yuko mtu anayekaa na mwanao bila malipo, mtaje naye, aandikwe.